Uzi: Kuisoma video ya "This Is America" kwa nadharia za vyombo vya habari: jicho la mtazamaji linapelekwa wapi?

#1 (Mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Wanafunzi wa mawasiliano ya umma huuliza mara kwa mara humu namna ya kuichambua video ya muziki kwa kutumia nadharia, na majibu wanayopewa huwa ya aina moja: orodha ya majina ya wananadharia, kila jina na sentensi mbili chini yake. Orodha hiyo inaweza kumpatia mtu alama za kufaulia mtihani, lakini haimfundishi kutazama. Nadharia hupimwa pale inapokutana na kazi moja mahususi na kuibana mpaka itoe kitu ambacho usingekiona ulipokuwa unatikisa kichwa tu kwa kufuata mdundo. Kwa sababu hiyo nimechagua video moja, na sitatoka humo ila pale ninapolazimika.

Video yenyewe ni "This Is America" ya Childish Gambino, ambalo ni jina la kisanii la Mmarekani Donald Glover. Ilitolewa tarehe 5 Mei 2018, usiku ambao Glover alikuwa mwenyeji wa kipindi cha Saturday Night Live, na iliongozwa na Hiro Murai, ambaye tayari alikuwa amefanya naye kazi katika tamthilia ya televisheni iitwayo "Atlanta". Wimbo uliingia moja kwa moja katika nafasi ya kwanza ya chati ya Billboard Hot 100, na mwezi Februari 2019 ukapata tuzo nne za Grammy, zikiwemo zile mbili kubwa za rekodi ya mwaka na wimbo wa mwaka, ambazo hapo kabla hazijawahi kwenda kwa wimbo wa rapu. Hayo yanatosha kwa historia.

Niiweke hoja yangu mapema ili anayetaka kuipinga ajue pa kuanzia. Watu wengi waliichambua video hii kama fumbo: wakasimamisha picha, wakakuza kona za fremu, wakahesabu alama. Mimi naona kwamba uzito wake uko kwingine kabisa, yaani katika namna inavyoyagawa macho ya mtazamaji. Mbele ya kamera kuna mtu anacheza, nyuma yake kuna mji unaosambaratika, na video inakutega uchague mbele. Nadharia inayotufaa zaidi hapa ni ile inayouliza mtazamaji amewekwa wapi, na zile zinazouliza kila kitu kina maana gani zinafuata baadaye.

Kwa ambaye hajaitazama siku za karibuni, mambo huenda hivi. Tuko ndani ya ghala kubwa jeupe. Mtu mmoja asiye na viatu anakuja kuketi kwenye kiti na kupiga gitaa kwa upole, huku sauti za kwaya zikiimba kiitikio chepesi cha furaha. Kamera inampita na kumfikia Glover, kifua wazi, suruali ya kijivu, mikufu ya dhahabu shingoni, akiwa ametupa mgongo. Anaanza kutikisika, anageuka, anasogea kwa madaha mpaka nyuma ya yule mpiga gitaa, ambaye sasa hana gitaa na amefunikwa gunia kichwani. Glover anachomoa bastola kiunoni, anajipinda kwa mkao wa ajabu, anampiga risasi kisogoni. Hapo hapo muziki unabadilika, mdundo mzito wa besi unaingia, na yeye anaendelea kucheza. Baadaye wanafunzi waliovaa sare wanajiunga naye. Baadaye tena anaingia katika chumba ambamo kwaya inaimba kwa furaha, anarushiwa bunduki ya kufyatua mfululizo, anawamaliza wote, kisha anatoka anatembea. Mwishoni tunamwona gizani akikimbia, macho yamemtoka, watu wakimfukuza.

Tuanze na semiotiki, yaani elimu ya alama na maana zake, kwa kuwa ndiyo iliyotumiwa zaidi, na kwa maoni yangu ilitumiwa vibaya. Roland Barthes, katika kitabu chake cha mwaka 1957, alitumia mfano wa jalada la jarida la Paris Match lenye picha ya kijana mweusi aliyevaa sare ya jeshi la Ufaransa akipiga saluti. Maana ya kwanza ni hiyo tu: kijana anapiga saluti. Maana ya pili ni kwamba Ufaransa ni dola kubwa ambayo watoto wake wote, bila kujali rangi, wanaitumikia kwa moyo mweupe. Barthes aliiita maana hii ya pili ngano, na jambo alilolisisitiza ni kwamba ngano hulichukua jambo la kihistoria, lililotengenezwa na watu kwa sababu zao, na kulivisha sura ya jambo la asili ambalo halina haja ya kuulizwa.

Wachambuzi wa mitandaoni walikimbilia maana ya pili kwa kila kitu. Mkao wa Glover anapofyatua risasi ya kwanza ukalinganishwa na michoro ya karne ya 19 ya Jim Crow, mhusika wa kejeli ambaye mwigizaji mzungu Thomas D. Rice alimcheza akiwa amejipaka masizi usoni. Suruali ikasemwa ni ya majeshi ya Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Farasi mweupe anayepita nyuma akiwa na mpandaji aliyejifunika akaitwa farasi wa kitabu cha Ufunuo. Kwaya ikahusishwa na kanisa la Emanuel la mjini Charleston, ambako waumini tisa weusi waliuawa tarehe 17 Juni 2015 wakiwa katika kipindi cha Biblia. La kwaya na la mkao naona yana mashiko. La suruali linategemea zaidi hamu ya msomaji kuliko kitambaa chenyewe. Glover naye hakutaka kuifafanua kazi yake, jambo lililowapa watu uhuru wa kuokota kila walichokiona.

Ila kuna sehemu moja ambayo Barthes anafaa kweli, na ajabu ni kwamba haikuhitaji kukuza picha. Tazameni kinachofuata baada ya kila mauaji. Kijana anaingia kutoka pembeni akiwa ameshika kitambaa chekundu kwa mikono miwili, amekiandaa. Glover anaiweka bunduki juu ya kitambaa, taratibu, na kijana anaondoka nayo kwa heshima kama abebaye kitu kitakatifu. Wakati huohuo mwili wa marehemu unaburutwa sakafuni. Katika fremu moja silaha inatunzwa na mtu anatupwa. Ngano ya Kimarekani kuhusu bunduki, kwamba ni urithi wa uhuru uliolindwa na katiba tangu mwaka 1791, hutegemea kutowekwa bega kwa bega na mwili wa aliyeuawa. Video inaviweka pamoja kwa sekunde chache tu, haisemi neno, na ile hali ya kuonekana jambo la kawaida inavunjika.

Sasa nije kwenye sauti na picha. Andrew Goodwin, aliyeandika mwaka 1992 kuhusu video za muziki na televisheni, alitofautisha namna tatu ambazo picha hushirikiana na wimbo: picha inaweza kuyaonyesha maneno jinsi yalivyo, inaweza kuyakuza kwa kuyaongezea maana, au inaweza kutengana nayo kabisa. Video nyingi tunazozijua huishi katika namna ya kwanza na ya pili. Akiimba gari, gari linapita. Hapa mambo yamechanganywa kwa makusudi. Mashairi ya mwanzo yanazungumzia starehe na pesa, na picha inatuonyesha mtu anayeelekea kuuawa, kwa hiyo kuna utengano. Lakini yanapotajwa simu na silaha, kamera inapanda juu na kutuonyesha vijana waliofunika nyuso kwa vitambaa vyeupe, wamekaa ghorofani wakirekodi kwa simu zao, na hapo picha inafuata neno. Mtazamaji hawezi kuzoea. Akishazoea kwamba picha inapingana na wimbo, inakubaliana nao. Akizoea makubaliano, risasi inalia.

Kiini cha hoja yangu, hata hivyo, kiko kwenye kamera. Video za muziki kwa desturi hukatwa haraka haraka, picha mpya kila baada ya sekunde chache. Murai alifanya kinyume: shoti, yaani vipande vya picha visivyokatwa, ni ndefu, zimeunganishwa kwa namna ambayo mtu hapati mshono kwa urahisi, na kamera inamfuata Glover ikirudi nyuma kadiri anavyosonga mbele. André Bazin, mhakiki wa filamu wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1958, aliipenda shoti ndefu yenye kina kwa sababu, kwa maoni yake, humwachia mtazamaji uhuru. Mhariri akikata picha anakuchagulia cha kutazama. Shoti ikibaki ndefu na nyuma ikionekana, wewe mwenyewe unachagua jicho liende wapi.

"This Is America" inampa mtazamaji uhuru huo wa Bazin wote, halafu inamwonyesha kwamba hautumii. Nyuma ya wanafunzi wanaocheza kuna watu wanakimbizana, magari yanaungua, mtu anaanguka kutoka ghorofani, farasi anakatiza na gari la polisi linafuata. Vyote viko wazi ndani ya fremu. Hakuna aliyekuficha. Lakini katikati yupo mtu anayecheza, anatoa macho, anatabasamu, anakunja uso, na macho yako yako kwake.

Jaribuni jambo moja. Fungueni video kwenye simu, kisha funikeni katikati ya kioo kwa kiganja kila Glover anapokuwa mbele, ili mbaki na pembe tu. Mtaona filamu nyingine, yenye ghasia mwanzo hadi mwisho, ambayo ilikuwapo siku zote.

Hapo ndipo ninapomleta Stuart Hall, mzaliwa wa Kingston, Jamaika, aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Birmingham nchini Uingereza. Katika andiko lake la mwaka 1973 alieleza kwamba mtayarishaji husimba maana, yaani huifunga ndani ya picha na sauti, na mpokeaji huisimbua, yaani huifungua, na kwamba hakuna uhakika wa mbili hizo kufanana. Msomaji anaweza kuikubali maana iliyokusudiwa, anaweza kuafikiana nayo nusu nusu, au anaweza kuielewa vizuri na bado kuipinga. Hizi namna tatu kila mwanafunzi anazikariri. Kinachosahaulika ni kwamba katika mchoro wake Hall aliweka pia miundombinu ya kiufundi, upande wa anayesimba na upande wa anayesimbua.

Jambo hili kwetu si la kinadharia tu. Anayeitazama video hii kwenye televisheni pana anaona nyuma. Anayeitazama kwenye simu ndogo, akiwa ameshusha ubora wa picha hadi 144 ili kuokoa bando, anapata mchezaji mmoja katikati na ukungu nyuma yake. Watu wanaokimbia wanakuwa madoa. Farasi anapotea. Maana iliyosimbwa katika kina cha picha haimfikii, na haimfikii kwa sababu ya bei ya intaneti, si kwa sababu ya uvivu wake wa kufikiri. Kwa hiyo mtu anaposema kwamba aliiona ni video ya kucheza tu yenye risasi mbili tatu, kabla ya kumwita mjinga muulizeni aliitazama kwa kifaa gani.

Karibuni kwa hoja.

#2

Mleta uzi, shukrani kwa kazi nzuri. Nina swali ambalo nalileta kwa heshima. Barthes Mfaransa, Bazin Mfaransa, Goodwin alisomea Uingereza, na huyo Hall, pamoja na kuzaliwa Jamaika, maisha yake ya usomi yote yalikuwa Uingereza. Je, hatuwezi kuichambua video bila kupitia kwao? Bibi zetu waliposikiliza taarabu walijua fika nani anapigwa kijembe, hata pale wimbo ulipomtaja ua, njiwa au kikombe, wala hawakusoma andiko la mwaka 1973. Naogopa tunawafundisha vijana kuamini kwamba kusoma kazi ya sanaa ni lazima kuombe kibali ng'ambo.

#3 (Mleta uzi)

Mkuu wa #2, umegusa penyewe, na mfano wako wa taarabu una nguvu kuliko unavyodhani. Msikilizaji wa taarabu anayeinuka kwenda kumtunza mwimbaji wakati beti fulani linaimbwa, huku akimpitia karibu hasimu wake, anafanya hasa kile ambacho Hall alikuwa anajaribu kukieleza: maana inakamilishwa na anayepokea, mbele ya watu, na mtunzi hana mamlaka ya mwisho juu yake. Tofauti ni kwamba bibi alilitenda bila kuliandika, na Hall aliandika ili mtu wa Birmingham na mtu wa Tanga waweze kubishana juu ya jambo moja kwa maneno yanayolingana. Sioni kibali hapo. Naona chombo, na chombo hutumika kinapofaa.

Tena hatuhitaji kwenda mbali kupata mfano wa usimbuaji. Mwezi Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa ajili ya wimbo wake "Wapo", uliotafsiriwa kuwa unaikashifu serikali. Siku iliyofuata akaachiwa, na waziri mwenye dhamana ya habari, Harrison Mwakyembe, akaeleza kwamba Rais Magufuli ameupenda wimbo, ameagiza uendelee kupigwa, na ameshauri uboreshwe kwa kuwaongeza wengine, wakiwemo wakwepa kodi na wauza dawa za kulevya. Maneno ya wimbo hayakubadilika hata moja kati ya siku hizo mbili. Polisi waliusimbua kama tusi. Rais akausimbua kama mchango katika vita vyake mwenyewe, hata akajiona ana nafasi ya kuuhariri. Kama mtu anataka kufundisha usomaji wa maafikiano darasani, mfano huu unatosha kwa kipindi kizima, na una faida ya kuonyesha kitu ambacho Hall alikisisitiza na wanafunzi hukiruka: wasomaji hawalingani nguvu. Mmoja akikosea kusoma, mwingine analala mahabusu.

#4

Naomba kuchangia kama mtu wa ngoma, kwa kuwa naona uchambuzi wa #1 umeifanya ngoma kuwa pazia tu, kitu cha kufunika kilicho muhimu. Naona hilo linaidhulumu.

Minenguo iliyomo humo ina asili yake. Ile ya kuzungusha mkono na mguu kwa pamoja ni gwara gwara ya Afrika Kusini, iliyoanzishwa na DJ Bongz wa Durban, na miezi michache kabla ya video hii Rihanna alikuwa ameicheza jukwaani katika hafla ya Grammy ya Januari 2018. Aliyepanga uchezaji wa video nzima ni Sherrie Silver, mzaliwa wa Rwanda aliyekulia Uingereza, ambaye jina lake alilijenga kwa kufundisha ngoma za Kiafrika mtandaoni. Kwa mtazamaji wa Chicago ngoma hiyo inaweza kuwa burudani ngeni tu. Kwa mtazamaji wa Kigali, Nairobi au Dar es Salaam, ngoma ndiyo kitu cha kwanza anachokitambua, pengine kitu pekee ndani ya fremu kinachomhusu moja kwa moja. Yeye hajapotezwa na ngoma, kwa kuwa ngoma ndiyo mlango aliopitia.

Tena watazameni wale wanafunzi. Ghasia yote ile inayowazunguka haiwagusi. Wanacheza kwa pamoja, hatua sawa, nyuso zina furaha, kana kwamba ngoma imechora duara ambalo wabaya hawalivuki. Naisoma kuwa ni namna ya kuishi mahali pa hatari. Watu wetu wamecheza katika misiba, katika vita, katika makambi ya wakimbizi, na hakuna aliyewaambia kwamba wamesahau yanayowasibu.

#5

Nami niongeze swali, nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Tulifundishwa nadharia ya Laura Mulvey ya mwaka 1975 kuhusu jicho la kiume: kwamba katika sinema mwanaume hutenda na kutazama, mwanamke hutazamwa. Katika video hii anayetazamwa ni mwanaume aliye kifua wazi, kwa hiyo wenzangu darasani walisema Mulvey hahusiki. Mimi sikuridhika. Karibu na mwisho Glover anapanda juu ya gari na kucheza, na pale, amekaa juu ya boneti la gari jingine, yupo SZA, mwanamuziki mwenye jina kubwa. Haimbi, hachezi, hasemi. Mwaka mmoja kabla albamu yake ya kwanza ilikuwa imepokelewa kwa shangwe, na humu amewekwa tu. Hivi huko si kutazamwa?

#6 (Mleta uzi)

Nianze na dada wa #5, kwa sababu swali lake ni zuri na jibu lake ni fupi. Wenzako walimsoma Mulvey kama fomula: tafuta mwili wa mwanamke, usipoupata funga daftari. Yeye alikuwa anazungumzia mgawanyo wa kazi, nani anasukuma tukio mbele na nani analisimamisha ili atazamwe. Kwa kipimo hicho Glover anatazamwa na anatenda kwa wakati mmoja, naye SZA anasimamisha tu. Ukiandika insha yako, mweke Mulvey karibu na bell hooks, mwandishi mwanamke mweusi wa Marekani, ambaye mwaka 1992 aliandika kwamba nadharia ya aina hii ilimsahau mtazamaji mwanamke mweusi, anayeweza kuitazama picha kwa kuikataa. Halafu uliza hivi: katika video inayodai kuizungumzia Marekani ya watu weusi, kwa nini wanawake wamepewa nafasi ya kwaya, wanafunzi, na mgeni wa heshima aliyenyamaza? Mimi sioni jibu linaloitetea video katika jambo hilo, na uzuri wa kamera haulifuti.

Sasa mtu wa ngoma wa #4. Umenipa kazi, na nakubaliana nawe katika nusu ya kwanza. Ni kweli kwamba gwara gwara haiwi kitu kimoja Chicago na Kigali, na hilo ni Hall mtupu: mfumo wa ujuzi ambao msomaji anakuja nao huamua ataanzia wapi. Kuhusu duara linalowalinda watoto, nina ushahidi wa kukupinga, nao umo ndani ya video yenyewe. Kuna mahali ambapo Glover, katikati ya kucheza, ananyoosha mikono kama aliyeshika bunduki. Mikono haina kitu. Muziki unakatika, na wanafunzi wote wanatawanyika wakikimbia, kisha kunabaki ukimya mrefu na yeye peke yake akiwasha sigara yake. Kama ngoma ilikuwa duara la ulinzi, hatari haikuwa nje ya duara, ilikuwa katikati yake, inacheza nao, na watoto walilijua hilo tangu mwanzo, kwa sababu hawakusubiri kuiona silaha. Kwa hiyo ngoma si pazia tu, hapo umeshinda. Lakini si makazi salama pia. Ni mahali ambapo mchezaji na muuaji wanatumia mwili mmoja. Nadhani hii ndiyo sababu Silver na Glover wanabadilisha sura ya uso kwa kasi ile, tabasamu likigeuka ukali kabla hujajua limekwenda wapi.

Hili linanirudisha kwenye fremu. Katika video yote kuna mbele na nyuma, na vitu hivyo viwili havigusani: Glover hatazami nyuma, na walio nyuma hawamjali. Shoti ya mwisho inauvunja mpango huo. Kuna giza, hakuna ngoma, na wale wanaomfukuza ndio nyuma yenyewe iliyosogea mpaka karibu kumshika. Kwa mara ya kwanza hakuna cha kukuvuta macho kando ya tishio, kwa kuwa tishio na mchezaji wako kwenye mstari mmoja. Mtu aliyeisoma video kwa kukusanya alama hufika hapa na kuuliza tu wanaokimbiza ni akina nani. Aliyefuata kamera anaona kwamba kanuni iliyoongoza dakika zote zilizotangulia imefutwa, na anaweza kuuliza kwa nini imefutwa hapo na si kabla.

Nitaje na jambo la Nigeria, kwa kuwa wengi wenu mtaliuliza. Tarehe 25 Mei 2018, wiki tatu tu baadaye, mwanamuziki wa huko Falz alitoa "This Is Nigeria", akaufuata mpangilio uleule: mchezaji mbele, nchi yake nyuma. Katika yake wapo wasichana waliovaa hijabu wakicheza mtindo wa shaku shaku wa Nigeria, ambao yeye alisema wanawakilisha wasichana wa shule wa Chibok waliotekwa na Boko Haram mwaka 2014. Taasisi ya Kiislamu ya MURIC ikaona ni dharau kwa dini, ikamtaka aiondoe video na kutishia kumpeleka mahakamani. Kwa mwalimu hii ni zawadi, kwa sababu hapa usomaji pinzani haukutokana na kutoelewa picha. Waliielewa barabara kama picha ya wasichana wa Kiislamu wanaocheza, na hapo ndipo walipoikataa, kabla hata ya kufika kwenye Chibok. Kwa lugha ya Barthes, msanii alikuwa ameweka maana yake katika hatua ya pili, nao walisimama katika ya kwanza. Aliyeiga umbo la Murai hakuweza kuiga mazingira ya kusomwa kwake.

Wapo walioniandikia pembeni wakiuliza kama njia hii inafaa kwa video zetu za Bongo Fleva. Inafaa, ila msitarajie majibu yaleyale. Video nyingi za kwetu hukatwa haraka na kamera haikai mahali pamoja, kwa hiyo Bazin hana pa kushikia, na nyuma mara nyingi kuna jumba la kukodi, bwawa la kuogelea na gari ambalo namba zake zimefichwa. Hiyo nyuma nayo inafanya kazi, tena kubwa: inamjenga nyota, na hapo atafaa zaidi Richard Dyer, aliyeandika mwaka 1979 kuhusu nyota wa sinema kama taswira inayotengenezwa kutokana na mambo mengi, picha, matangazo, mahojiano na maoni ya wahakiki. Anayetaka tuichambue mojawapo aweke jina la video na dakika anayoitaka. Jina peke yake halitoshi, kwa kuwa tutarudi kulekule kwenye kuisifu au kuiponda yote kwa jumla.